Maji ya Samaki wa Baba

Siku Baba alipoacha kazi ya udereva, alirudi nyumbani na tangi la kioo lenye urefu wa meza. Kwa miaka mingi alikuwa amemwendesha daktari mmoja wa meno, mzungu mzee aliyeishi upande wa pili wa mji, na mzee yule alipouza nyumba ili arudi kwao, aliwaambia wafanyakazi wake kila mmoja achague kitu. Mpishi alichagua friji. Mtunza bustani alichagua baiskeli. Baba alichagua samaki.

Tuliishi Eastlands, mashariki mwa mji, katika safu ya nyumba nane za vyumba viwili viwili, zenye mfereji mmoja wa maji uani. Dandora haikuwa mbali, na upepo ukigeuka tulifunga madirisha kwa sababu ya moshi wa jaa la taka. Mama alisimama mlangoni akiwatazama wanaume wawili wakishusha kile kioo kutoka kwenye mkokoteni, kimefungwa blanketi kama mgonjwa.

"Uliambiwa uchague, ukaacha friji?" aliuliza.

"Friji ilichukuliwa na mpishi."

"Kwa hiyo sisi tutakula kioo."

Baba alipita kando yake akaingia ndani. Alikuwa ameikumbatia ndoo yenye kifuniko, na ndani yake samaki tisa wa rangi ya chungwa walikuwa wakigongana vichwa. Wiki hiyo alienda soko la Gikomba, akatengenezewa meza fupi yenye miguu minene, na tangi likawekwa chini ya dirisha la sebuleni, pale palipokuwa na kabati la vyombo. Kabati lilihamia chumbani kwangu. Pampu ndogo ya umeme ilipuliza mapovu mchana kutwa, na baada ya siku chache hatukuisikia tena, kama mtu asivyosikia saa ya ukutani.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa msaidizi wa maabara katika shule ya sekondari ya wasichana, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo vya kioo, kuandaa kemikali kabla ya somo, na kufunga kabati kwa ufunguo baada ya somo. Sikuwa mwalimu, lakini majirani waliniita mwalimu, na sikuwakataza.

Baba alijua kuwatunza wale samaki. Alikuwa akiwalisha kila tajiri wake aliposafiri, na alijua kwamba hawamwagiwi maji yaliyotoka mferejini papo hapo, kwa sababu dawa inayotiwa maji ya mji huwachoma mashavu. Ni lazima maji yalale ndooni siku nzima kwanza. Shida ni kwamba maji yetu yalikuja siku tatu kwa wiki, na mvua ikinyesha yalikuja na rangi ya strungi, kama chai isiyo na maziwa. Ukiyaacha yalale, asubuhi unakuta tope limekaa chini ya ndoo.

Kwa hiyo akaamua kutengeneza chujio. Alipanda basi kwenda kwao Ukambani, akarudi siku ya tatu na gunia la mchanga. Huko kwao mto ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Watu huchimba shimo katikati ya mto, hungoja, na maji hujaa polepole, baridi na maangavu. Baba alikuwa amekunywa maji ya namna hiyo tangu utotoni, na hakuwahi kumwona mtu aliyedhurika nayo. Alichukua ndoo tatu, akazitoboa chini kwa msumari wa moto, akazipanga moja juu ya nyingine. Ya juu aliitia kokoto, ya kati ule mchanga aliouosha mara saba, ya chini makaa aliyoyaponda na kuyafunga kwa kipande cha shuka. Maji ya strungi yaliingia juu, na chini yakadondoka ndani ya karai jeupe, maangavu kiasi kwamba ungeweza kuhesabu mikwaruzo kwenye kitako cha karai.

"Kapime," aliniambia, akinikabidhi chupa ya soda iliyojaa maji hayo. "Wewe ndiye mtu wa maabara."

Nilienda nayo shuleni. Wakati wa mapumziko nilichovya karatasi nyekundu ya litmasi, ikabaki nyekundu. Nikachovya ya buluu, ikabaki ya buluu. Maji hayakuwa na asidi wala magadi. Nikaweka matone machache juu ya kipande cha kioo, nikayakausha kwa moto, nikaona doa jepesi tu. Hayo ndiyo niliyoyapima, na ilinichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Jioni nilifika nyumbani, na kabla sijamaliza kuvua viatu Baba alikuwa ameshaniuliza.

"Ni safi, Baba," nikasema.

Alitabasamu kama mtu aliyepewa barua ya sifa. Kesho yake alimwaga maji yale tangini, na samaki wakazunguka wakipepesa mikia yao. Kwa miezi kadhaa walikua, wakanenepa.

Nyumba iliyopakana nasi kwa upande wa kushoto ilikuwa ya mume na mke kutoka Magharibi, karibu na Busia. Mume alifanya kazi kiwandani, kwenye mitambo ya sabuni. Watoto wao walikuwa wakisoma huko nyumbani kwao, kwa nyanya yao. Mke alishona sare za shule kwa cherehani aliyoiweka dirishani, na ukuta wetu ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua akishona mshono mrefu au mfupi. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mnene, mwenye kicheko kilichomtangulia mlangoni.

"Mzee, kwetu samaki wa hivi hatuwapigii hata hodi," alimwambia Baba siku ya kwanza alipoliona tangi. "Hawa ni wa kuweka kwenye kijiko."

Lakini alipoliona karai la maji chini ya chujio, aliacha kucheka. Alichuchumaa akatazama.

"Haya ni maji ya mfereji wetu? Huu mfereji wetu?"

"Huohuo," Baba akasema.

Akanigeukia. "Mwalimu, umeyapima?"

"Nimeyapima, dada."

"Na mtu anaweza kuyanywa?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kwamba karatasi ya litmasi haijui kitu kuhusu magonjwa. Nilikijua kitu hicho. Nilikuwa nimekisikia kikifundishwa darasani kila mwaka, nikiwa nimesimama nyuma ya darasa na kitambaa mkononi. Lakini Baba alikuwa ananitazama, na jirani naye alikuwa ananitazama, na wote wawili walikuwa na furaha.

"Ni safi," nikasema.

Tangu siku hiyo Baba alimjazia mtungi wa lita tano kila asubuhi. Alikuwa akiuacha mlangoni kwake, akibisha mara moja na kuondoka. Baadaye nilikuja kujua kwamba jirani aliacha kabisa kuchemsha maji ya kunywa. Mafuta ya taa yalikuwa yakiadimika madukani, na kwa nini ayachome kwa kuchemsha maji yaliyopimwa na mtu wa maabara?

Mama yangu hakuacha. Maji yote yaliyoingia midomoni mwetu aliyachemsha, yaliyochujwa na yasiyochujwa, hadi sufuria ikawa na gamba jeupe ndani. Mara moja nilimtania.

"Mama, unachemsha hata haya?"

"Wewe pima," akasema. "Mimi nachemsha."

Baada ya mvua za masika, kiwanja kilichokuwa nyuma yetu, ambacho siku zote kilikuwa cha mbuzi wa watu na mashimo, kilizungushiwa mabati. Jengo la ghorofa likaanza kupanda. Mwenye jengo hatukuwahi kumwona. Tuliwaona vijana aliowatuma, waliochimba mtaro kandokando ya njia yetu ili kupeleka maji kwake. Mtaro huo ulipita karibu na shimo la majitaka ambalo kifuniko chake cha chuma kilikuwa kimeibwa zamani, na ambalo lilifurika kila mara, likitoa maji mazito ya kijivu yaliyotambaa njiani tukayazoea kuyaruka.

Jioni moja nikitoka kazini niliwakuta vijana wale wamesimama mtaroni, maji yakiruka juu kama chemchemi. Walikuwa wamelikata bomba letu kwa sururu. Mmoja wao alikuwa amepiga magoti kwenye tope la kijivu, akilifunga lile bomba kwa mikono yake yote miwili.

"Mmeharibu maji yetu?" niliuliza.

"Usijali, siste," mmoja akajibu, akijipangusa uso. "Tumeifunga fiti. Kesho mtapata maji kama kawa."

Na kweli, zamu yetu ya maji ilipofika, maji yalikuja. Mtaro ulikuwa umefukiwa. Mtu angepita pale asijue kwamba palikuwa pamechimbwa.

Ilikuwa siku chache baadaye Baba aliponiita mferejini. Alikuwa ameinama juu ya ndoo, akinusa.

"Nusa," akasema.

Nikanusa. Hayakunuka kitu.

"Dawa imeisha," alisema kwa furaha. "Wameacha kutia ile dawa. Sasa sina haja ya kuyalaza siku nzima. Nachuja tu, namwaga tangini."

Nilikubaliana naye. Mpaka leo najaribu kukumbuka kama kulikuwa na chochote kilichonigusa rohoni asubuhi ile, hata kidogo, nami siwezi kusema kwamba kilikuwapo. Nilikuwa na haraka ya kwenda kazini. Maji ya mji yanatiwa dawa ili iue vijidudu, na kama kuna uchafu njiani, dawa huisha ikipigana nao. Hilo nalo nilikuwa nimelisikia nikiwa na kitambaa mkononi.

Samaki wa kwanza alikufa Jumanne moja, wiki kama tatu baadaye. Alikuwa mdogo kuliko wote, na Baba alisema labda aliumwa na wenzake. Alimtoa kwa kijiko cha ugali, akamzika kwenye mkebe wa maua uliokuwa kizingitini. Alhamisi wakafa wawili. Waliobaki walipanda juu ya maji, wakatoa midomo nje, wakawa wanaifungua na kuifunga. Ukiingia sebuleni ulisikia sauti yao, ndogo sana, kama mtu anayemung'unya kwa ufizi. Mama aliwatupia kanga juu ya tangi wakati wa kula kwa sababu hakuweza kuivumilia.

Baba aliamini maji yamechakaa. Akawabadilishia. Alimwaga nusu ya tangi, akajaza maji mapya kutoka chujioni, maangavu yasiyo na waa. Kabla ya saa sita mchana samaki wengine wawili walikuwa wamelala ubavu. Akabadilisha tena. Nilimtazama akibeba ndoo zile huku na huku, mgongo umempinda, na kila alipowapa maji zaidi ndivyo walivyozidi kufa.

"Chakula labda," alisema.

"Labda," nikasema.

"Au pampu."

Aliifungua pampu, akaisafisha kwa mswaki. Pampu haikuwa na kosa. Tulikaa tukiyatazama yale maji, na kilichonitisha ni jinsi yalivyokuwa mazuri. Jua la dirishani lilipita ndani yake likafika ukutani upande wa pili bila kizuizi.

Ijumaa asubuhi, nikifunga mlango kwenda kazini, nilitambua kwamba sijaisikia cherehani. Nilisimama nikafikiri. Sikuisikia jana pia, wala wiki hiyo nzima. Mlangoni pa jirani mtungi wa Baba ulikuwa pale alipouacha, umejaa, na kando yake mwingine wa jana, mtupu. Nilidhani amesafiri. Halafu nikajiuliza, kama amesafiri, nani aliyemaliza maji ya jana?

Nilirudi ndani nikajaza chupa mbili. Moja maji ya mfereji, moja maji ya chujio.

Mwalimu wa kemia alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani minene na maneno machache. Nilimweleza kwamba samaki wa Baba wanakufa. Hakucheka kama nilivyotarajia.

"Maji umeyatoa tangini au kwenye chujio?" aliuliza.

"Kwenye chujio."

"Vizuri. Ya tangini yana mavi ya samaki, yangetudanganya."

Alifungua kabati akatoa chupa ya fuwele za zambarau, zile ambazo watu wazima mtaani walizitumia kusukutua koo. Akayeyusha chembe chache kwenye maji. Tukapanga neli tatu za kioo kwenye kibao. Ya kwanza tukaitia maji yaliyotoneshwa, yale ya mvuke tuliyoyatumia maabara kwa sababu hayana kitu. Ya pili maji ya mfereji wetu. Ya tatu maji ya Baba. Kila neli akaidondoshea matone matatu ya zambarau, na zote tatu zikawa na rangi ya waridi, nzuri, moja sawa na nyingine.

"Sasa tungoje," alisema. "Kama maji hayana uchafu wa vitu vilivyooza, rangi hii itakaa. Kama unao, uchafu utaila."

Alikaa akasahihisha madaftari. Mimi nilisimama. Neli ya maji ya mfereji ilianza kufifia kabla hajamaliza daftari la pili. Ya Baba nayo ilifuata nyuma, polepole kidogo. Ile waridi ilichujuka pembeni kwanza, halafu katikati, ikawa kama rangi ya ngozi ya kitunguu, na mwishoni ikawa kahawia chafu. Ya kwanza ilibaki waridi vilevile.

Mwalimu aliinua neli ya tatu akaiweka mbele ya dirisha. Kisha alichukua maji mengine ya Baba kwenye neli nyingine, akayatonea dawa ya fedha inayoonyesha chumvi. Wingu jeupe likatokea, zito kama tui la nazi.

"Maji ya mji huu hayana chumvi hivi," alisema. "Chumvi hii imetoka kwa watu. Ni mkojo. Majitaka yanaingia kwenye bomba lenu."

"Lakini yamepita mchangani. Kwetu watu wanakunywa maji ya mchangani."

"Mchanga wa mto una kina cha kisima, na maji yanapita ndani yake siku nyingi. Ndoo ya baba yako ina shibiri mbili." Aliiweka neli chini. "Ametoa tope tu. Yaliyobaki hayaonekani. Tope lingemwonya mtu."

Niliitazama ile neli ya kahawia.

"Kuna anayeyanywa?" aliuliza.

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka kwamba alinivua koti la maabara yeye mwenyewe, kama mtoto, akaniambia niende.

Nilitembea nusu saa ile kwa robo saa. Nilipofika nilibisha mlango wa jirani, na mumewe akafungua. Alikuwa hajaenda kazini. Macho yake yalikuwa mekundu. Nyuma yake chumba kilikuwa na giza, pazia limefungwa saa saba mchana, na harufu ya jasho ilinikuta mlangoni.

"Ana malaria," alisema. "Siku ya sita leo. Amekunywa dawa lakini homa haishuki."

"Naweza kumwona?"

Alinipisha. Jirani yetu alikuwa kitandani, amefunikwa shuka moja. Sikumtambua kwa haraka. Uso wake ulikuwa umeingia ndani, na midomo ilikuwa na maganda. Alikuwa akichezesha vidole vyake juu ya shuka, akivuta nyuzi ambazo hazikuwapo. Kando ya kitanda, juu ya kigoda, kulikuwa na glasi ya maji. Maangavu kabisa.

"Maji hayo," nilimwuliza mumewe. "Ni ya Baba?"

"Ndiyo. Daktari wa dukani alisema anywe maji mengi. Nimekuwa nikimnywesha mchana na usiku."

Niliichukua ile glasi. Nikayamwaga yale maji nje mlangoni.

"Usimpe tena," nikasema. "Wewe pia usiyanywe. Sio malaria. Mpeleke hospitali sasa hivi, uwaambie wampime homa ya matumbo."

"Lakini ulisema..."

"Nilisema. Nilikosea. Mpeleke."

Alinitazama. Kisha akaanza kutafuta viatu vyake. Baba alitoka, akasikia, na bila kuuliza swali alikimbia barabarani kutafuta gari. Wakati tunampandisha, mgonjwa alifumbua macho akamwona Mama, akamwambia kwa lugha ya kwao kitu ambacho Mama hakukielewa. Mama alimjibu hata hivyo, kwa Kikamba, akimshika mguu mpaka mlango wa gari ulipofungwa.

Walimlaza. Ilikuwa homa ya matumbo, na siku ya tatu utumbo wake ukatoboka. Walimpasua. Daktari alimwambia mumewe kwamba wangechelewa siku moja zaidi wasingekuwa na la kufanya.

Baba hakulala hospitali wala hakulala nyumbani, alikuwa anatembea. Alipiga hodi kwenye milango yote ya safu yetu na ya safu iliyofuata, mkononi ana neli mbili ambazo mwalimu wa kemia aliniruhusu nirudi kuzichukua, moja ya waridi na moja ya kahawia. Alisema maneno yaleyale kila mlango. "Haya ni maji yanayofaa. Haya ni maji yetu. Chemsheni." Katika nyumba nne kulikuwa na mtu mwenye homa. Katika nyumba ya mwisho ya safu ya pili, mlinzi mmoja mzee aliyeishi peke yake alikuwa amekwisha kufa tangu asubuhi, na watu walikuwa wakitafuta namba ya ndugu zake kwenye karatasi zake. Yeye hakuwahi kunywa maji ya chujio. Alikunywa ya mfereji kama watu wengine wote. Nilijishika kwenye jambo hilo kwa siku nyingi, kwamba yule hakuwa wangu, na kila nilipolishika niliona aibu.

Jumamosi Baba na mume wa jirani walichukua majembe wakaufukua ule mtaro. Majirani walikuja wakasimama. Hawakuchimba sana. Bomba letu lilikuwa limelala ndani ya maji ya kijivu, na pale lilipokatwa lilikuwa limefungwa kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, mafundo mawili. Maji yakiwapo bombani, yalichuruzika nje. Siku ambazo maji hayakuja, bomba lilipobaki tupu, lilivuta ndani kile kilicholizunguka. Tulisimama pale tukilisikia. Ilikuwa siku isiyo ya zamu, na bomba lilikuwa likinyonya, kwa sauti nyembamba, likisita, likinyonya tena.

Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yangu alianza kutapika.

Watu walienda kwenye lile jengo la mabati kumtafuta mwenyewe. Walimkuta mlinzi tu, aliyesema tajiri yuko safari. Mwishowe majirani wenyewe walinunua kipande cha bomba na kuliunga sawasawa, na Baba alilala kifudifudi mtaroni akikaza viungo mpaka giza lilipokaribia. Alivunja chujio lake siku iliyofuata. Mchanga wa kwao aliumwaga njiani, kwenye mashimo. Samaki aliyebaki, mmoja tu, alimpeleka shuleni kwetu ndani ya chupa ya jamu, na wasichana walimweka maabara mpaka mwisho wa muhula. Tangi alimpa fundi wa vioo.

Jirani yetu alirudi baada ya wiki tano. Nywele zake zilikuwa zimenyonyoka, na alitembea ameshika tumbo kwa mkono mmoja. Sikuenda kumwona siku ya kwanza. Wala ya pili. Ya tatu Mama alinisukuma mlangoni kwa mkono wake mwenyewe.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda nje, anaota jua. Nilimwamkia, akaitikia.

"Dada, nimekuja kukuomba msamaha," nikasema.

Alikuwa akitazama miguu yake, iliyokuwa imekonda hadi ndala zilimpwaya.

"Baba yako alikuja hospitali kila siku," alisema. "Alilia mbele ya watu. Mimi sina neno na baba yako. Alinipa alichokuwa nacho." Akainua macho. "Mimi nilikuuliza wewe. Nilikuuliza kama mtu anaweza kuyanywa."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

Ningeweza kusema hapana. Bomba lilikuwa bado halijakatwa siku aliponiuliza. Maji ya siku ile pengine hayakuwa na ubaya. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu hilo wiki tano.

"Nilijua kwamba sikupima hicho ulichouliza," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepimiwa kitambaa akaona kimepungua vilevile alivyodhani.

"Basi nichemshie maji ya kunywa," alisema. "Siwezi bado kuinua sufuria."

Nilimchemshia kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, kwa zaidi ya miezi miwili. Nilikuwa naweka birika mlangoni, nikibisha, na mara nyingine alikuja kufungua na tukaongea kidogo, kuhusu watoto wake au bei ya vitambaa. Mara nyingine hakuja. Cherehani ilianza tena kusikika, mishono mifupi mifupi, na mapumziko marefu. Mwaka ulipokwisha mumewe alipata kazi kwenye kiwanda cha sukari huko kwao, na wakahama. Waliondoka asubuhi ya Jumapili wakati wengi wetu tulipokuwa kanisani. Tuliporudi, mlango wao ulikuwa wazi na nyumba imefagiliwa. Baba alisimama pale kizingitini kwa muda, kofia yake ya kanisani bado mkononi, halafu akauvuta mlango ili vumbi lisiingie.